Fundi Aliyepima Breki kwa Bismillahi

Nimewaogopa watu wengi maishani mwangu: polisi wa barabarani, mwalimu wangu wa chuo, mama mkwe wangu. Lakini sijamwogopa mtu kwa muda mrefu kama nilivyomwogopa Fundi wa Breki wa Kombani, naye alikuwa mwoga kuliko mimi. Jina lake nalijua. Wanawe wanalitumia mpaka leo, na wao hawakunikosea, kwa hivyo hapa nitamwita Fundi tu, kama tulivyomwita sote.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa dereva wa lori la magogo. Tulipakia msituni Shimba, tukapita Kwale mjini, kisha tukateremka ule mlima hadi Kombani, ndipo tukashika njia ya Likoni. Banda la Fundi lilikuwa pale pale Kombani, mlima unapokwisha. Watu walidhani kalijenga pale kwa ajili ya biashara. Mwenyewe alisema kalijenga pale ili asipate haja ya kupanda gari linaloshuka. Nyumba yake ilikuwa Matuga, na kila siku alikuja kwa miguu akarudi kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Ukisimamisha gari umchukue, alitikisa kichwa. "Gari mimi nalijua kwa ndani," alisema. "Ungelijua kama mimi, ungetembea nawe."

Tulimcheka. Siku moja dereva mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba fundi wa breki anayeogopa gari ni sawa na mpishi anayeogopa moto. Fundi hakukasirika. Alijifuta mikono kwa tambara, akamjibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyinyi chekeni. Nataka mcheke miaka mingi." Akarudi chini ya gari.

Woga wake hakuuficha. Mafundi wa mjini walikupigia kifua, wakakupa chai, wakakuambia gari lako sasa ni zima hata kwenda Nairobi. Yeye alikuonyesha mpira wa kupitishia upepo wa breki uliochakaa, akasema taratibu, "Hapa pananitisha." Basi na wewe unatishika. Mara nyingi niliondoka bandani kwake nikiendesha polepole kwa hofu, na gari langu likiwa limeshatengenezwa vizuri kabisa. Wako madereva waliomkwepa kwa sababu hiyo tu. Mimi sikuweza kumkwepa, maana nilishajua kuwa anachokiogopa kipo.

Kilichomtisha kuliko vyote ni tela. Siku zile matajiri walikuwa wakinunua malori mapya lakini matela walikuwa nayo ya zamani. Lori jipya lilishika breki kwa upepo unaosukumwa kwenye mipira. Tela la zamani lilikuwa limetengenezwa kufuata lori la namna nyingine, ambalo breki zake zilifanya kazi kwa kufyonza upepo, si kuusukuma. Mafundi wa mjini walibadilisha hiki na kile, wakaunga mpira kwa mpira, kisha wakapaka lori na tela rangi moja ili tajiri afurahi. Fundi aliziona rangi hizo akacheka. "Wameozeshwa bila kuulizwa," alisema. "Mume amesimama, mke bado yuko mbioni."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Ukikanyaga breki, lori linashika mara moja, lakini upepo bado unasafiri kwenda nyuma, na kabla haujafika, tela na magogo yake linalisukuma lori mgongoni. Kwenye tambarare ya Diani hutambui. Utahisi kama mtu amekugusa bega. Mlimani breki za lori zinabeba mzigo wa wawili, zinapata moto, na zikishapata moto kupita kiasi unaweza kukanyaga mpaka mguu uguse sakafu, hazishiki.

Alipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkono. Alikutuma uende mbele kidogo, usimame mara tano au sita, kisha urudi, naye huzunguka gari akigusa kila gurudumu kwa nyuma ya kiganja, pale kwenye dramu la chuma linalobanwa na breki. Lenye moto linafanya kazi. La baridi linakula bure, ndivyo alivyosema, linasindikiza wenzake. Migongo ya mikono yake ilikuwa na makovu meusi yaliyopandana, na ukimpa mkono msikitini ulihisi umeshika gome la mti.

Njia ya pili ilikuwa yake peke yake. Alilala chali kando ya gurudumu la nyuma kabisa la tela, vidole viwili juu ya ile fimbo ya chuma inayosukuma breki. Wewe ukiwa kwenye usukani ulikanyaga breki na kupiga honi kwa pamoja. Akisikia honi, alianza kusoma: Bismillahi Rahmani Rahim. Fimbo ikisogea kabla hajafika "Rahmani", tela ni zima. Ikisogea baada ya hapo, tela linachelewa, na lililochelewa halishuki mlima. Hakuwa na saa. Aliwahi kuletewa saa nzuri ya mkono na tajiri mmoja, akampa mwanawe wa kiume, akasema kwamba saa inaweza kusimama ila ulimi wake haujawahi kusimama.

Hilo la ulimi lilikuwa kweli. Nje ya banda alikuwa mwongo, tena mwongo wa kupendeza. Alitusimulia safari zake za Unguja na Ngazija mpaka tukamwonea wivu, na baadaye mkewe akatuambia kwamba hajavuka hata kivuko cha Likoni. Harusi akiichukia, alipata homa tangu asubuhi. Mkewe huyo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, na akituma neno tu kwamba unga umekwisha, Fundi aliangusha spana akaondoka, gari lako likiwa limefunguliwa nusu. Lakini kwa matajiri hakuwa na adabu hata kidogo. Tajiri wangu aliwahi kusimama mlangoni pa banda, kofia mkononi, akalalamika, "Fundi, magogo yangu yananingojea."

"Magogo hayana haraka," Fundi alijibu kutoka chini ya tela. "Yamekaa msituni tangu babu yako hajazaliwa."

Wala hakutoka kumtazama.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Tela langu lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoozeshwa. Fundi alilikataa mara mbili. Akafupisha njia ya upepo, akatia mpira mnene zaidi, akaweka tangi dogo la upepo kwenye tela lenyewe ili upepo ungojee karibu na magurudumu. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na ikamalizikia mwezi wa Ramadhani. Siku ya kupima ilikuwa baada ya alasiri, sote tumefunga. Nilikanyaga breki, nikapiga honi. Tulirudia mara tatu. Akatoka chini, akajipangusa vumbi, akanipa mkono. "Nenda, mwanangu," aliniambia. Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku ile. Nilifurahi kama mtoto.

Utingo wangu alikuwa mtu wa Majoreni, mtu mzima, ananizidi miaka miwili, mcheshi, hodari wa kuimba. Kazi yake mlimani ilikuwa kusimama kwenye ngazi nyuma ya kichwa cha lori, kabari ya mti mkononi. Gari likishindwa kushika, aruke aitie kabari chini ya gurudumu. Alipokuwa tayari kuruka, aligonga paa mara mbili. Ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Siku mbili baada ya kupimwa tulishuka na mzigo kamili. Kona ya kwanza ilipita vizuri. Kabla ya kona ya pili nilihisi bega limeguswa. Nikajiambia ni barabara, maana tela limepimwa na Fundi. Kisha likaguswa tena, kwa nguvu, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikakanyaga breki zikashika, nikakanyaga zikashika kidogo, nikakanyaga zisishike. Mdomo wangu ulikuwa mkavu kwa saumu na sasa ukawa mkavu hata sikuweza kutamka shahada. Nilitazama kioo cha pembeni nikaliona tela langu. Halikuwa nyuma yangu. Lilikuwa ubavuni mwangu, likija mbele, na mahali hapo halikupasa kuonekana kamwe.

Paa likagongwa mara mbili.

Lori lilijikita kwenye ukingo wa udongo, mimi nikatoka na mkono uliovunjika. Yeye hakutoka. Kabari tuliiona chini ya gurudumu la tela, mahali pake barabara. Aliitia sawasawa.

Afisa aliyekuja kuchunguza aliniuliza nilikuwa gia ya ngapi. Nikamwambia sikumbuki. Ilikuwa kweli, hofu ilikuwa imenifuta gia, kona, kila kitu isipokuwa kile kioo na yale mapigo mawili ya paa. Lakini kwenye karatasi, dereva asiyekumbuka gia yake ni dereva aliyeshuka kwa gia isiyofaa. Leseni wakaichukua. Tajiri akasema ni gia. Madereva wenzangu wakasema ni gia, kwa huruma, wakiniwekea mkono begani. Nami nikaamini. Maana kama si gia ni breki, na breki zilipimwa na Fundi.

Fundi hakuja mazikoni Majoreni. Wakasema ana homa. Tulikuwa tukizijua homa zake, na hatukushangaa.

Kosa lake nimelijua baada ya miaka sita, lakini nitalisema hapa hapa, sina moyo wa kumfanya mtu angoje. Mwezi wa Ramadhani Fundi alikaa darasani msikitini kila siku baada ya adhuhuri, wakisoma Kurani kwa zamu ili wakhitimu kabla ya Idi. Ni kisomo cha taratibu, kila herufi na haki yake, penye kuvuta unavuta. Alikuwa akitoka kwenye kisomo hicho moja kwa moja anakuja kulala chini ya tela. Ulimi ukaja na mwendo wake wa darasani. Bismillahi yake ikawa ndefu, naye asijue. Tela langu lilikuwa bado linachelewa. Sema tu na kipimo nacho kilichelewa pamoja nalo.

Alitambua baada ya Idi. Lililetwa tela jingine alilolipitisha mwezi ule ule, lina shida ya tairi tu. Akalipima kwa mazoea, likakataa. Hakuna kilichobadilishwa, mpira ni ule, tangi ni lile. Alilala pale chini, akaniambia baadaye, mpaka mwenye gari akadhani amezimia.

Tulichokiona sisi ni kwamba Fundi amebadilika. Aliyaita tena malori yote aliyoyapima mwezi wa Ramadhani, akayatengeneza bila kudai chochote, tukasema mzee ameingiwa na ucha Mungu. Akaacha kupima kwa Bismillahi. Akafunga kijiwe kwenye uzi, akakining'iniza kwenye boriti ya banda, akawa anahesabu kwa kuyumba kwake. Madereva walimtania kwamba sasa anapima kama mganga. Zamani angewajibu. Sasa aliinama tu.

Mimi nilirudi kwetu Msambweni, nikafungua kiduka cha unga, sukari na mafuta ya taa. Watoto wangu wakakulia hapo. Nikisikia lori linashuka mahali popote, hata mteremko mdogo, mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika. Kila Idi nilikwenda Majoreni kwa mama wa marehemu, nikampelekea sukari na majani ya chai. Alikuwa akilipokea fungu langu, akaliweka ndani, akarudi kukaa mkekani kusuka ukili, asiseme neno. Nilikaa kidogo, nikaaga, nikaondoka. Ukimya wake nilikuwa nikiuogopa kuliko mlima. Niliuona ni haki yangu.

Ndipo siku moja, mchana, basi likasimama mbele ya duka na Fundi akateremka. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Kofia imelowa jasho. Kutoka Matuga mpaka kwangu amekaa ndani ya gari, yeye, na sikuelewa ni kitu gani kimemtoa kwake.

"Shikamoo, Fundi," nikamwamkia.

"Usiniamkie bado. Sikia kwanza nilichokuja nacho."

Akanieleza akiwa amesimama, kama nilivyoeleza mimi hapa. Hakujitetea. Alipofika kwenye darasa la msikitini alisita, akaomba maji, akanywa, akaendelea. Nilikuwa nimeshika jiwe la mizani la ratili mbili, na kwa muda niliona waziwazi jinsi nitakavyompiga nalo. Sikuwahi kumtamani mtu kifo ila siku ile.

"Miaka sita," nikamwambia.

"Miaka sita."

"Watoto wangu wanaambiwa shuleni baba yao aliua mtu. Nawe unajua."

"Najua."

"Kwa nini, Fundi?"

"Niliogopa." Alitazama chini. "Nikisema, nani ataniletea gari tena? Hiyo ndiyo niliyojiambia mwaka wa kwanza. Baadaye nikaona si hivyo. Nilimwogopa yule mama. Bado namwogopa. Kila wiki nilisema nitakwenda, nikapata homa. Safari hii homa ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo nikaogopa kufa kabla sijakwenda."

Niliweka jiwe chini. Nikamwita binti yangu mkubwa akae dukani. Akanilazimisha nile kwanza, wali na samaki, akampa na Fundi sahani, ambayo hakuigusa. Kisha tukapanda gari la kwenda upande wa Vanga, tushuke Majoreni. Njia nzima hakuachilia chuma cha kiti kilicho mbele yake. Mimi nilikuwa kando yake, na ninaona haya kusema kwamba hofu yake ilinifurahisha.

Mama alikuwa mkekani, kama siku zote. Si Idi, na sikuwa na fungu mkononi. Aliinua kichwa akanitazama mimi, kisha akatazama nyuma yangu. Mikono yake ikaacha kusuka.

"Hodi, mama," Fundi akasema. "Mimi ni fundi wa Kombani. Nimekuja kukuambia juu ya mwanao."

"Nakujua," mama akasema. "Mwanangu alikuwa akikutaja humu ndani kila akija. Nilimkataza kazi ile. Nilimkataza kabisa. Akaniambia, mama, mimi sishuki mlima ila kwa neno la Fundi. Ndipo nikamwachia."

Fundi akapiga magoti kwenye mchanga. Akasema yote, tangu Ramadhani mpaka kijiwe cha uzi. Nje mbuzi wa jirani alikuwa akilia na hakuna aliyemwangalia. Alipomaliza aliomba radhi, akainamisha kichwa, akangoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nami nikijiona kama nimerudi kwenye usukani.

Mama aliuweka ukili kando. Kisha akasema, "Yeye huyu amekuja hapa miaka sita. Kila alipokuja nilimtazama nyuma yake, nione kama amekuja na wewe. Nikimwona yuko peke yake nashindwa kusema. Ningemwambia nini? Kwamba si yeye? Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na neno la maiti tu."

"Nisamehe, mama," Fundi akasema tena.

"Radhi yako nitaifikiri. Sikupi leo, wala sikufukuzi. Kaa mkekani, magoti yatakuuma."

Fundi akakaa. Alikaa pembeni kabisa, nusu mkekani nusu mchangani, akitetemeka waziwazi, na hakuna aliyemwambia asitetemeke.

Halafu mama akanigeukia. Macho yake nilikuwa sijapata kuyaona yakinitazama muda wote huo bila kuhama. Nilitaka kukimbia. Nilidhani sasa ataniuliza habari za mlima, za kioo, za paa kugongwa.

"Umekula, mwanangu?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeshiba. Nikamwambia sijala.